Dobi aliyechemsha koti la wifi yake

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mwanamke mmoja anashuka ngazi kutoka ghorofa ya tatu kinyumenyume.

Mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine umeshika kikapu. Anateremsha mguu wa kushoto, anasubiri, kisha anauita wa kulia umfuate mwenzake. Mama wa ghorofa ya pili anafungua mlango kumwaga maji ya kudeki, anaona mgongo unamjia, anacheka.

"Mtihani umefika?"

"Shikamoo, mama. Bado siku kumi na mbili," anajibu bila kugeuka.

"Marahaba. Shuka pole, usinivunjie ngazi."

Majirani wa jengo hilo hawahitaji kalenda. Dobi akishuka kwa uso, ni siku za kawaida. Akishuka kwa kisogo, mwalimu wa judo ameanza wiki za chumvi, na mapaja ya mwanafunzi wake yamegoma kukunjika kwa mbele.

Kuna kitendawili kinachomfaa. Wawili wameshikana mashati, wanaangushana chini, wakiinuka wanainamiana kwa heshima. Asiyejua atasema ni walevi waliopatana. Jibu lake ni judo, mchezo wa kupigana miereka kwa kushikana nguo. Dobi huyu wa miaka arobaini na mmoja ameucheza miaka saba, mitatu ya mwisho akiwa na mkanda wa kahawia. Juu ya kahawia kuna mweusi.

Ukumbini wanamwita Pasi. Wenzake wanasema ni kwa sababu akikuangusha unalala chini umenyooka kama shati la harusi. Yeye anasema ni kwa sababu ya kazi yake tu, watu wasimwongezee chumvi.

Kazi yenyewe ipo. Kwa siku anafua shuka mia na ishirini za nyumba ya wageni iliyo mtaa wa pili, kisha anapiga pasi mashati hamsini hivi ya watu wa mtaani. Chumba cha kufulia kina masufuria mawili makubwa ya kuchemshia, kamba sita na dirisha moja lisilofunga. Ameshinda humo miaka kumi na minane. Mshahara ukishalipia chumba na shule ya binti yake, kinachobaki, anasema, "kinatosha sabuni na hasira."

Judo ilimfuata humo humo. Siku moja mwanamume mfupi, fundi wa kuchomelea vyuma, aliingia na mfuko wenye makoti kumi na moja mazito ya pamba yaliyokuwa yakinuka kama zizi.

"Nilidhani ni magunia," anakumbuka. "Nikamuuliza, nyie mnacheza au mnalima? Akaniambia, njoo uone. Nikaenda kuona. Nikakaa."

Fundi huyo ndiye mwalimu. Wakapatana kwamba mwanamke atafua makoti ya ukumbi na hatalipa ada. Tangu hapo kila Jumatatu makoti yanaingia machafu, kila Jumatano yanatoka meupe. Hakuna aliyewahi kulalamika. Kumbuka hilo, msomaji, maana ndilo lililomponza.

Wiki za chumvi ni tatu kabla ya kila mtihani wa mkanda. Zimeitwa hivyo kwa sababu koti la mazoezi likikauka linabaki na mistari myeupe ya jasho. "La wiki ya kwanza lina mstari mmoja mgongoni," anaeleza Pasi kwa uhakika wa mtu aliyeyafua. "La wiki ya tatu lina ramani."

Mazoezi yanaanza saa kumi na moja jioni. Kwanza ni kuanguka, mara mia mbili: kwa mgongo, kwa ubavu, kwa mbele, na kila ukianguka unapiga mkeka kwa kiganja ili mkono upokee kishindo badala ya mbavu. Baada ya hapo ni kuingia. Unamshika mwenzako koti, unageuka, unampakia kiunoni mpaka miguu yake inaning'inia, halafu humuangushi. Unamrudisha chini taratibu kama yai. Mara mia moja kulia, mara mia moja kushoto. Mwisho wa yote ni ngazi. Ukumbi uko juu ya ghala, una ngazi arobaini na nne, na kila mtahiniwa anazipanda akiwa na mwenzake mgongoni, mara nne.

"Siku ya tatu nilitapika," anasema. "Siku ya nne nikatapika, nikapangusa, nikauomba mkeka radhi, nikaendelea."

Mwalimu hasemi maneno mengi. Ukilala chini anakuja kusimama karibu yako na kuangalia dari, kana kwamba mmepanga kuitazama pamoja. Ukiona aibu unainuka mwenyewe.

Mtahiniwa haendi peke yake. Sehemu kubwa ya mtihani ni miereka kumi na mitano inayojulikana, yenye mpangilio wake, kila mmoja kulia na kushoto, na wawili waliopangwa pamoja wanafanyiana. Huyu anaangusha, yule anaangushwa, kisha wanabadilishana. Safari hii watahiniwa walikuwa sita, jozi tatu. Pasi alipangwa na wifi yake.

Wifi huyo ni dada mdogo wa mumewe. Ana miaka ishirini na tisa, anauza viatu dukani, na kwa urefu wake ukumbini wanamwita Mlingoti. Pasi ndiye aliyempeleka, miaka mitatu tu iliyopita, baada ya kumsikia akilalamika kwamba mgongo unamuuma kwa kuinamia miguu ya watu kutwa.

"Nilimfundisha hata kufunga mkanda," anasema Pasi. "Alikuwa anaufunga kama anafunga mzigo wa kuni."

Kwa masikio ya watu, mawifi hao ni burudani. Zamu ya Pasi kumbeba ikifika, mzigo una kilo kumi zaidi ya mbebaji, na mzigo una mdomo.

"Dereva, punguza mwendo, kuna matuta."

"Nyamaza, wifi, nitakumwaga."

"Abiria nimelipa nauli kamili. Na hicho kiti kimechakaa."

"Kiti kimezaa mpwa wako hicho. Kiheshimu."

Watu wanacheka mpaka wanakosa pumzi walizobaki nazo. Pasi naye anacheka. Ila kuna kitendawili kingine, nacho alitegewa akiwa anakunja shuka: namfuga ndani, simlishi, ananenepa. Alitabasamu, akakunja pembe mbili za shuka, akakunja nyingine mbili, ndipo akajibu kwa sauti ya chini.

"Wivu."

Ulianza na mstari. Kabla ya mazoezi wote hupiga magoti kwa safu kufuata mikanda, mkubwa mwanzoni, na wenye mkanda mmoja hupangwa kwa tarehe waliyoupata. Miaka mitatu Pasi amekaa mwanzo wa mikanda ya kahawia. Mlingoti alikuja mwisho kabisa wa safu, karibu na mlango, mahali wanapoacha viatu. Akaanza kusogea. Mwaka wa kwanza akapita watu wanne. Mwaka wa pili akapita sita. Mwaka huu bega lake liko karibu na bega la Pasi, na akifaulu peke yake atampita, na Pasi itabidi amgeukie na kumwinamia kwanza, kila siku ya mazoezi, mbele za watu.

"Miaka saba mimi. Yeye mitatu. Wewe ungelala?"

Kisha mwalimu, yule asiyesema, akaanza kusema. "Tazameni Mlingoti anavyoingia," aliwaambia jioni moja. Maneno matatu. Pasi anasema aliyatafuna wiki nzima kama mtu aliyepata jiwe kwenye wali.

Wifi yake haingii kwa nguvu. Anaingia kama anayepita mlangoni kwake. Pasi anajua uzuri akiuona, na hapo ndipo palipouma. Wifi angekuwa mbovu, Pasi asingepata shida.

Halafu akaja mume. Mumewe ni mlinzi wa zamu, mtu mpole, ambaye kwa miaka saba hakuwahi kukanyaga ukumbini. Zikiwa zimebaki siku kumi na tatu kufika mtihani, alikuja, akakaa kwenye benchi na mfuko wa machungwa magotini. Alikuja kumtazama dada yake.

"Alimpigia makofi," Pasi anasema. "Nikamuangusha wifi, kimya. Wifi akaniangusha mimi, makofi. Tukatoka nje akanipa chungwa, akasema, huyu dada yangu ana damu ya judo, kazaliwa nayo. Nikamuuliza, na mimi nina damu ya nini? Akasema, wewe una bidii."

Anacheka akilisimulia, lakini chuma cha pasi kimesimama juu ya kola ya mtu muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Anakiinua. Kola imepona kwa bahati.

Asubuhi ya pili yake ilikuwa Jumatatu. Makoti yaliingia kama kawaida, na kati yake lilikuwemo koti jipya la wifi. Mlingoti alilinunua kwa ajili ya mtihani, kwa kuwa la zamani limechanika bega. Pamba nene, nyeupe kama maziwa, halijaguswa maji. Dobi yeyote anajua kwamba koti la namna hiyo, mara mbili za kwanza, hufuliwa kwa maji baridi na kwa upole wa kuogesha mtoto mchanga. Sufuria la shuka lilikuwa linatokota.

"Sitakudanganya kwamba nilikosea," anasema. "Mkono ulilichukua, macho yakaliona linaingia, kichwa kikageuka kuangalia dirishani. Nililiacha humo dakika arobaini."

Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba. Hawakusema neno juu ya koti la pamba.

Alilitoa, akalikausha, akalipiga pasi vizuri kuliko makoti yote, akalikunja mikono ikiwa ndani. Jumatano akalikabidhi. Mlingoti alilivaa jioni hiyo, akanyoosha mikono mbele, na mikono ya koti ikabaki nyuma, katikati ya kiwiko na kifundo.

"Wifi," alisema kwa mshangao wa kweli, "pushapu zimenijaza mikono kiasi hiki?"

Ukumbi ukacheka. Mwalimu hakucheka. Watahini wa chama chao hupima: mkono wa koti ukiishia zaidi ya vidole vitatu juu ya kifundo, mtahiniwa anarudishwa nyumbani kabla hajainama, maana mwenzake hana pa kumshika. Mwalimu aliweka vidole vyake vilivyoungua kwa kuchomelea. Vilikuwa vidole saba.

"Kwa koti hili huingii," alisema. Kisha akageuka. "Na wewe, Pasi, pia huingii."

"Mimi kwa nini? Langu linatosha."

"Asipoingia yeye, utamuangusha nani? Ukuta?"

Hapo ndipo dobi alipohesabu upya. Watahiniwa wengine wanne walikuwa wameshapangwa, miezi mitatu wamezoeana, mtu hang'oi jozi ya mwenzake siku za mwisho. Alikuwa amefikiria mstari, mkanda, makofi ya mumewe, kila kitu, isipokuwa kwamba mtihani ule unaingiwa na watu wawili walioshikana.

"Nilisahau," anasema. "Miaka saba nashika watu makoti, nikasahau kwamba nashika."

Walifanya mazoezi hivyo hivyo siku tano, na koti likamlipa. Kila Pasi alipotaka kumvuta wifi yake kwa mkono wa koti, kiganja kilikuta nyama inayoteleza kwa jasho. Miereka aliyoijua usingizini ikamtoka ovyo. Mara moja walianguka pamoja na Mlingoti akamlalia juu, kilo zake zote. "Samahani, dereva," alinong'ona, bado haelewi kitu. Duka la makoti lilisema jipya litafika baada ya mwezi. Zilibaki siku nne.

Mchana wa siku hiyo Mlingoti aliomba ruhusa dukani, akaja chumba cha kufulia na koti kwenye mfuko.

"Wifi, wewe ndiye dobi. Hakuna dawa ya kurefusha nguo?"

Dawa ipo ya nusu nusu. Walilowesha koti, wakalitandika mezani, mmoja akashika bega na mwingine akashika mwisho wa mkono, wakavuta kama wanagombania. Walifunga pasi tatu za zamani za makaa mwishoni mwa mkono zining'inie zilivute. Wakavuta tena. Baada ya saa nzima walipata kidole kimoja na nusu.

"Nimeuliza watu wawili dukani," alisema Mlingoti akivuta. "Wanasema pamba hairudi hivi kwa jasho. Wanasema labda kiwanda kimenidanganya."

"Kiwanda hakijakudanganya."

"Basi nini?"

"Vuta."

"Navuta. Basi nini?"

"Nililichemsha," Pasi alisema. "Na shuka. Nililiona."

Mlingoti aliachia tu.

Pasi alikuwa anavuta kwa uzito wake wote. Akaenda nyuma, akapita juu ya kapu la nguo chafu, akashuka kwa mgongo kwenye sementi iliyolowa, kidevu kifuani, na kiganja kikapiga sakafu pa, kama alivyofundishwa. Akalala pale na mkono wa koti kifuani.

Wifi yake alimtazama.

"Umeanguka vizuri," alisema, akachukua mfuko wake, akaondoka.

Mlingoti mwenyewe, alipoulizwa dukani kwake kati ya masanduku ya viatu, hakupamba habari. "Nilikasirika. Hata leo kuna saa nakasirika. Mteja ananiuliza kama kuna namba thelathini na tisa, mimi nawaza mkono wa koti." Anasema alifika kituoni, akakaa, akaacha mabasi mawili yapite. "Nikajiambia, nikimsusia, na mimi nimejisusia. Yule mjinga ndiye mwenzangu. Nikarudi."

Alimkuta Pasi ameketi chini na wembe mkononi, anafumua koti lake mwenyewe. Koti la Pasi lilikuwa la mtumba. Alilinunua la mtu mkubwa kwa sababu lilikuwa rahisi, akakunja mikono kwa ndani vidole vinne, akashona. Sasa alikuwa anakata nyuzi moja moja. Alipomaliza, mikono ilishuka. Mlingoti akalivaa. Lilimfika kwenye kifundo.

"Na wewe utavaa nini?"

Pasi aliokota koti lililochemshwa, akalivaa juu ya gauni la kazi. Lilimkaa mabegani, likamkaa kifuani, mikono ikaishia panapostahili, kana kwamba lilishonwa na fundi aliyempima akiwa amesimama.

Mlingoti akamzunguka.

"Kwa hiyo umepika koti langu, ukalipimia mwili wako."

"Sikukusudia hilo."

"Ulikusudia lipi?"

"Usinipite," Pasi alisema. "Nilikusudia usinipite. Basi."

Mlingoti alimtolea adhabu papo hapo. Mpaka siku ya mtihani, zamu za ngazi zote ni za Pasi. Yeye hatabeba, atabebwa. Ngazi arobaini na nne, mara nane badala ya nne, jioni tatu mfululizo. Mwalimu aliwaona, akaangalia dari. Safari hizo abiria hakufanya mzaha hata mmoja, na Pasi anasema ukimya ule ulikuwa na uzito kuliko kilo.

Nyumbani, mumewe aliuliza kwa nini dada yake amevaa koti la mkewe. Akaambiwa, yote. Alivua viatu vyake vya lindo, akaviweka sawasawa chini ya kiti.

"Kwani mkanda wako ni rangi gani?" aliuliza.

"Kahawia. Mwaka wa tatu sasa."

"Nilidhani ni mweusi siku zote," alisema. Pasi mpaka leo hajaamua kama hilo ni sifa au ni tusi.

Mtihani ulikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Watahini watatu, meza moja, rula ya mbao. Mama mtahini alipita kwenye safu akipima mikono. Alipofika kwa Pasi akashika koti, akaligeuza, akaridhika.

"Limekukaa vizuri," alisema.

Pembeni yake Mlingoti alikohoa.

Mlingoti ndiye aliyeangusha kwanza. Pasi alianguka mara thelathini na hakuharibu hata moja. Kuanguka kwa mwenzako kuna heshima yake: ukijilegeza mapema, umemwonyesha mwongo, ukijikaza, umemwonyesha dhaifu. "Nilimpa kila mwereka haki yake," anasema. "Na kila nilipokuwa hewani nilikuwa naona wivu. Usidhani mtu akiwa hewani anaacha."

Kisha zamu yake. Upande wa kulia ukumbi ulisikia pa, pa, pa, na mwalimu akasahau kuangalia dari. Upande wa kushoto mambo yakawa mengine. Mwereka wa saba mkono ulichelewa. Wa tisa ukachelewa tena, na Mlingoti, aliyekuwa tayari kuanguka, akabaki amesimama nusu ya pumzi kama mtu aliyebisha hodi hajafunguliwa. Angeweza kuanguka mwenyewe, amwokoe. Hakuanguka mpaka alipoangushwa.

"Alifanya sawa," Pasi anasema. "Angenionea huruma mbele ya wale watatu, nisingemsamehe."

Matokeo yalisomwa saa saba. Mlingoti alifaulu. Karatasi ya Pasi iliandikwa: kulia, safi sana, kushoto, mkono mvivu, arudi baada ya miezi sita.

Wakapanga safu upya pale pale. Mlingoti alisimama, akapita mbele ya Pasi, akapiga magoti upande wa juu na mkanda mweusi mpya usiojua kukaa, umechomoza ncha mbili kama masikio. Pasi akamgeukia.

"Kichwa kilikubali kuinama. Shingo ndiyo ilikataa. Ikabidi niisukume." Mlingoti alipomwinamia kumjibu hakutabasamu. "Angetabasamu ningemchukia kwa raha zangu. Hata hiyo kaninyima."

Zimepita wiki tano. Mwalimu amekwishaambiwa habari ya koti, na kwa ajili yake Pasi amepiga pushapu mia tatu kwa awamu. Bado anafua makoti ya ukumbi, isipokuwa moja: Mlingoti siku hizi anafua la kwake mwenyewe, nyumbani, kwenye beseni, na analifua vibaya. Linakuja mazoezini na sabuni kwenye mishono. Pasi analiona, linamuuma kama dobi.

Asubuhi hii anashuka ngazi kwa uso. Saa mbili amesimama kwenye meza ya kupigia pasi, na mteja wa kwanza analeta malalamiko.

"Dada, shati langu la juzi lina mikunjo kwapani. Una nini siku hizi?"

"Niwie radhi, kaka. Nitalirudia bure."

"Na mbona unashikia mkono huo?"

Anashikia mkono wa kushoto. Miaka kumi na minane wa kulia umevuta chuma na wa kushoto umekuwa ukinyoosha kola tu, mtu wa kusindikiza. Tangu Jumatatu ya kwanza baada ya mtihani ameubadilishia kazi. Shati lililomchukua dakika nne sasa linachukua tisa, na mwenye chumba cha kufulia amempa mpaka mwisho wa mwezi kurudisha mwendo wake au kurudisha mkono wa kulia.

"Nitarudisha mwendo," anasema. "Mkono hapana."

Mwalimu amemtafutia mwenza mwingine wa kufanya naye mtihani ujao, msichana mwepesi, laini, anayepakika kiunoni kama mto. Kila mtu anasema ndilo jambo la busara. Pasi amekataa, akaenda dukani kwa wifi yake, akakaa kwenye kile kiti kidogo cha kujaribia viatu, akamwomba yeye. Mlingoti alimfungia mteja kamba kwanza. Kisha akasema ndiyo, kwa sharti kwamba ngazi watabebana kwa zamu.

Alipoulizwa kama wivu umemwisha, dobi alicheka, akapuliza ncha ya kidole kilichoguswa na chuma.

"Uishe uende wapi? Ananipita kwa mkanda, ananipita kwa urefu, kaka yake anakuja kila Alhamisi na machungwa. Haujaisha. Nimeupa kazi tu."

Anageuza shati, analaza mkono wa kushoto wa shati juu ya meza, anakisukuma chuma polepole kuelekea bega.

"Yule msichana mwepesi ningemuangusha kesho," anasema. "Lakini simtaki. Namtaka huyu huyu, mrefu, mzito, na huo mkanda wake mweusi kiunoni. Miezi sita. Kwa kushoto."